Shajara ya Mwandishi Mwanamke Isomwe Kuanzia Jikoni

Mwaka 1953, miaka kumi na miwili baada ya mwandishi Mwingereza Virginia Woolf kujitosa katika Mto Ouse, mumewe Leonard alitoa kitabu alichokichambua kutoka kwenye shajara za marehemu. Alikiita A Writer's Diary. Katika madaftari aliyoachiwa, Leonard alichukua zile sehemu zinazohusu vitabu tu, alivyovisoma mkewe na alivyoviandika, na mengine akayafungia. Sababu aliitaja kwenye dibaji: wengi waliosemwa humo walikuwa bado hai. Ukurasa wa mwisho wa kitabu hicho una tarehe 8 Machi 1941. Woolf anasema imetimia saa moja jioni na inampasa akapike chakula cha usiku, samaki na nyama ya soseji. Kisha anaongeza wazo fupi, kwamba mtu akiviandika vyakula hivyo anakuwa amevitia mkononi kidogo.

Baada ya siku ishirini hakuwapo tena duniani.

Kwa kuwa tunaujua mwisho wake, tunausoma ukurasa huo kwa macho ya msibani. Wapo wanaotafuta humo dalili ya kifo, wakipekua kila neno. Wapo wanaouruka, maana samaki na soseji vina uzito gani kwa mtu aliyeandika riwaya ya To the Lighthouse? Mimi nasema pande zote mbili zinakosea, na kosa hilo limewaharibia wanawake waandishi usomaji wa shajara zao kwa muda mrefu. Shajara ya mwandishi mwanamke ni kumbukumbu ya kazi. Kazi ya kuandika imo, kazi ya nyumba imo, na mara nyingi imo pia kazi ya mwanamke wa pili ambaye jina lake haliko kwenye jalada. Msomaji anayejiita mfeministi asipozisoma zote tatu pamoja, amesoma theluthi ya kitabu.

Tuanze na mazoea mabaya. Shajara ya mwandishi mwanamume ikichapishwa, wahakiki huuliza alizifikiaje riwaya zake. Ya mwanamke ikichapishwa, swali la kwanza huwa alimpenda nani, na la pili aliugua nini. Msomaji anajigeuza daktari au mmbea, na mara nyingine vyote viwili kwa mpigo. Kurasa ambazo hazitaji mpenzi wala dawa huonekana za kujazia tu.

Kuanzia miaka ya 1970 wahakiki wanawake, hasa wa Marekani na Uingereza, walianza kuyakataa maswali hayo. Mwaka 1985 Margo Culley alikusanya shajara za wanawake wa Marekani tangu 1764, akaonyesha kwamba dhana ya shajara kuwa siri ya moyoni ni ya juzi tu. Kabla ya hapo wanawake wengi waliandika habari za kaya na ukoo, na jamaa wakazisoma bila kificho. Suzanne Bunkers na Cynthia Huff walifuata mwaka 1996 na mkusanyiko wa makala uliosisitiza thamani ya yale ya kila siku. Mfaransa Philippe Lejeune, alipochunguza madaftari ya wasichana wa Ufaransa wa karne ya 19, alimkuta mama au mwalimu amesimama nyuma ya bega la binti: shajara ilikuwa sehemu ya malezi, nayo ilikaguliwa. Na nyumbani kwa mwandishi Mrusi Tolstoy, huko Yasnaya Polyana, mume na mke walisomeana shajara tangu walipooana mwaka 1862. Sofia, mke huyo, alijua kwamba analoliandika usiku linaweza kujibiwa asubuhi mezani.

Mtu anayejua kwamba huenda atasomwa huchagua maneno. Mwandishi kwa fani huchagua zaidi. Anne Frank, ambaye msomaji wa kawaida humchukulia kuwa mtoto aliyemwaga moyo wake kwenye karatasi, alikuwa mhariri wa kazi yake mwenyewe. Machi 1944, kwenye redio kutoka London, alimsikia waziri wa Uholanzi aliyekuwa uhamishoni akisema kwamba shajara na barua za wakati wa vita zitakusanywa amani ikirudi. Mwezi Mei akaanza kuiandika upya shajara yake kwenye karatasi zisizofungwa, akikata, akiunganisha, akibadilisha majina ya watu, akiwa na nia ya kutoa kitabu. Alikuwa na miaka 14. Baba yake, Otto, alipokichapisha mwaka 1947, alichanganya maandishi ya kwanza na yale yaliyosanifiwa upya na binti, na kwa muda mrefu dunia ilikisoma kitabu hicho pasipo kujua kwamba msichana huyo alikuwa akijifunza ufundi, na tayari alikuwa ameushika.

Woolf naye alijua anachokifanya. Mwaka 1919, akiwa na miaka 37, aliandika kuhusu aina ya shajara anayoitaka: iwe imelegea lakini isiwe ya ovyo, ipokee lolote linalomjia, zito au jepesi. Alieleza kwamba kuandika kwa kasi bila kufuta kunamlegeza viungo kwa ajili ya kazi zake nyingine. Msomaji aliyemwazia alikuwa yeye mwenyewe atakapofika miaka 50, amevaa miwani, akitafuta humo mali ghafi ya kuandikia maisha yake. Mara nyingi alikaa na daftari baada ya chai ya alasiri. Humo alijaribu sentensi, alipanga riwaya, alihesabu nakala zilizouzwa, alipima maneno ya wahakiki na jinsi yalivyomuuma. Ukitaka kujua riwaya hutoka wapi, sijui kitabu kingine kinachokuonyesha wazi kama hicho.

Sasa tuje kwenye mkasi.

Katika mojawapo ya barua za kuaga, Woolf alimwomba Leonard aharibu karatasi zake zote. Leonard hakufanya hivyo. Miaka kumi na mitano nyuma, Machi 1926, Woolf alikuwa amejiuliza kwenye shajara mumewe atazifanyia nini akifa yeye, akakisia kwamba atasita kuzichoma, atashindwa kuzichapisha zote, basi pengine atatoa kijitabu kisha ateketeze kilichobaki. Alimjua mumewe. Alikosea kwenye moto tu. Madaftari yalisalimika, na baada ya Leonard kufariki mwaka 1969 kazi ya kuyahariri yote ilimwangukia Anne Olivier Bell, mke wa mpwa wa Virginia. Juzuu zake tano zilitoka kati ya 1977 na 1984. Humo shajara haiishii tarehe 8 Machi. Inaendelea hadi tarehe 24, siku nne kabla ya kifo, na neno lake la mwisho linamhusu Leonard akishughulika na maua bustanini. Ukilinganisha toleo la mume na toleo la Bell, unaona ni kitu gani kilichotolewa: wageni, umbea, fedha, maradhi, hasira, na sehemu kubwa ya habari za watumishi.

Nasema waziwazi kwamba Leonard alifanya vyema kutolitii ombi lile. Najua ugumu uliomo: tunamtetea mwanamke kwa kumshukuru mwanamume aliyepuuza neno lake la mwisho. Ugumu huo hauondoki kwa kusema eti alikuwa mgonjwa alipoandika barua. Njia pekee ya kuulipa, kwa maoni yangu, ni sisi tuliobaki na madaftari kuyasoma kwa heshima inayostahili kazi ya mtu, wala si kwa uchu wa kuchungulia.

Kwa mshairi Mmarekani Sylvia Plath mambo yalikwenda kinyume. Alikufa London tarehe 11 Februari 1963, akiwa na miaka 30, bila kuacha wosia. Alikuwa ametengana na mumewe, mshairi Ted Hughes, lakini hawajatalikiana, kwa hiyo sheria ikampa Hughes mirathi yote, pamoja na kila karatasi. Mwaka 1982, shajara zilipochapishwa Marekani kwa mara ya kwanza zikiwa zimepunguzwa sana, Hughes alieleza mwenyewe kwamba daftari la miezi ya mwisho aliliharibu, kwa sababu hakutaka watoto waje walisome. Daftari jingine, akasema, lilipotea.

Sababu ya watoto ni sababu ya baba, nami siidharau. Frieda alikuwa hajatimiza miaka mitatu, Nicholas alikuwa na mwaka mmoja. Lakini watoto hukua, na Hughes aliijua njia nyingine ya kuwalinda, maana madaftari mawili yaliyohifadhiwa katika Chuo cha Smith, Massachusetts, yaliwekwa lakiri yasifunguliwe hadi mwaka 2013, na ni yeye mwenyewe aliyekubali yafunguliwe muda mfupi kabla ya kufa mwaka 1998. Kilichoweza kufungiwa hakikuwa na haja ya kuteketezwa. Tena daftari lile liliandikwa katika miezi ambayo yeye ndiye aliyekuwa kiini cha uchungu wa mwandishi. Wahenga walisema kesi ya nyani hakimu ngedere. Hapa mshtakiwa mwenyewe ndiye aliyekalia kiti cha hakimu, akaharibu na ushahidi.

Pengo hilo limezaa madhara mengine yanayosemwa kidogo. Kwa kuwa miezi ya mwisho haipo, wasomaji wameijaza kwa dhana zao, halafu wakarudi nyuma kuzisoma kurasa zilizobaki kana kwamba zote zinaelekea Februari 1963. Toleo kamili la shajara zilizosalia, alilolihariri Karen Kukil na kutoka mwaka 2000, linaonyesha mtu tofauti na yule wa hadithi. Ni mwanamke anayehesabu. Anahesabu mashairi aliyoyapeleka kwenye majarida, barua za kukataliwa, malipo yaliyofika, kurasa alizojiwekea kuandika na alizoshindwa. Anapika, anasafisha, anajilaumu kwa uvivu siku ambayo amefanya kazi kutwa. Kutazama kurasa hizo na kuona ugonjwa peke yake ni kumnyang'anya mtu jasho lake.

Na humo kuna jambo ambalo kila nikilifikia nasimama. Februari 1957 Plath alikuwa mwanafunzi Cambridge, katika chuo cha Newnham, mahali pale pale ambapo Woolf alihutubia wanafunzi wanawake Oktoba 1928 akitoa mawazo yaliyokuja kuwa A Room of One's Own. Plath alikuwa amenunua riwaya za Woolf pamoja na shajara yake, lile toleo la Leonard. Alipoifungua, hakunakili mawazo kuhusu sanaa ya riwaya. Alichokishika ni kwamba Woolf, aliyefikia kiwango kile cha umaarufu, naye alikataliwa na jarida, akaituliza huzuni yake kwa kusafisha jiko na kupika samaki na soseji. Plath akamshukuru kwa hilo, akaandika kwamba anaona maisha yake yamefungamana na ya mwanamke huyo.

Kijana wa miaka 24 aliuona upesi uzito wa ukurasa ule ambao wahakiki waliuruka. Hakuusoma kama dalili ya kifo. Aliusoma kama habari kutoka kwa mtu wa fani yake: namna ya kukataliwa jioni na kesho yake kurudi mezani. Kama kuna usomaji wa kifeministi wa shajara, ule ulikuwa mmojawapo, na ulifanyika kabla jina lenyewe halijaenea vyuoni.

Ila Plath hakuwa na toleo kamili, kwa hiyo kuna swali ambalo hakuwa na namna ya kuliuliza. Kwa nini mwaka 1941 Woolf alikuwa akipika mwenyewe? Nani alipika kabla?

Kabla yake alipika Nellie Boxall. Aliingia kwa akina Woolf mwaka 1916, pamoja na rafiki yake Lottie Hope, akakaa miaka kumi na minane. Katika juzuu tano za Bell, Nellie anarudi mara kwa mara: anatoa notisi ya kuondoka, anaifuta, anagombana, anapatana, anaugua, anarudi. Woolf anaandika juu yake kwa lugha ambayo mara nyingine inatia uchungu kuisoma, lugha ya tabaka lake, iliyojaa kero na dharau, ikiwa imechanganyika na mazoea ya watu wawili waliokaa nyumba moja muda mrefu kupita kiasi. Hata nyumba haikuwa kubwa kiasi cha kuwatenga. Kitabu cha Woolf maarufu kuliko vyote kuhusu uhuru wa mwanamke kuandika, A Room of One's Own, kile kinachodai fedha na chumba chenye kufuli, kilitoka Oktoba 1929. Msimu huo huo Nellie alimwamuru bibi mwajiri atoke chumbani kwake, na Woolf akaliandika tukio hilo kama tusi alilofanyiwa.

Alison Light, katika kitabu chake cha mwaka 2007 kuhusu Woolf na watumishi wake, aliyafuatilia mambo haya kwa uvumilivu wa hali ya juu. Lakini wa kwanza kuonyesha njia alikuwa Woolf mwenyewe. Desemba 1929, katikati ya ugomvi, aliandika kwamba kama shajara hii ingekuwa kitabu cha mtu mwingine kilichomfikia mkononi, yeye angeidaka kwa pupa picha ya Nellie, na pengine angeifanya hadithi nzima imzunguke huyo. Mwenye shajara ametuambia wapi pa kutazama. Ni sisi tuliokawia.

Wapo watakaosema kwamba kumleta Nellie ni kumvunjia Woolf heshima, kuwapa silaha wale wasiopenda wanawake waandike. Siikubali hofu hiyo. Mumewe alimkata mwandishi ili kuwasitiri walio hai. Sisi tukimkata ili tubaki na shujaa asiye na doa, tumeuchukua mkasi ule ule. Shajara ya Woolf ina dharau kwa watumishi na ina maneno mabaya juu ya Wayahudi, ilhali mumewe alikuwa Myahudi. Ina pia baadhi ya kurasa bora za Kiingereza za karne ya 20. Aliyeziandika ni mtu mmoja, na saa alizoziandika zilipatikana kwa sababu sahani zilioshwa na mtu wa pili.

Namna ya kuisoma kazi hiyo iliyofichika tumeonyeshwa na mwanahistoria, kupitia mwanamke ambaye wala hakuwa mwandishi wa vitabu. Martha Ballard alikuwa mkunga huko Hallowell, Maine, kando ya Mto Kennebec. Aliandika kila siku tangu Januari 1785 hadi Mei 1812: hali ya hewa, nani kaja, nani kajifungua, nani hajalipa, uzi uliosokotwa, nguo iliyofumwa. Waliolipitia daftari lake kabla walilalamika kwamba limejaa mambo madogo yanayorudiwarudiwa. Mwanahistoria huyo, Laurel Thatcher Ulrich, aliyachukua marudio hayo akayafanya njia ya utafiti. Alihesabu. Akapata watoto 816 waliopokewa na mikono ya Ballard, akapata na mtandao mzima wa uchumi wa wanawake ambao hesabu za wanaume wa mji ule hazikuutaja. Na akaona jambo linalohusu hoja yangu moja kwa moja: Ballard aliweza kutoka usiku kuvuka mto kwenda kuzalisha kwa sababu binti zake na wasichana wa kusaidia walibaki nyumbani wakisokota, wakifuma na kupika. Kitabu cha Ulrich, A Midwife's Tale, kilitoka 1990 na mwaka uliofuata kikapata Tuzo ya Pulitzer ya historia.

Marudio, basi, ndiyo kazi yenyewe. Chakula hupikwa leo na kesho kwa sababu watu hula leo na kesho. Mhariri anayekata marudio kwenye shajara ya mwanamke anaikata kazi yake, hata kama nia yake ni njema.

Hilo lilimpata Carolina Maria de Jesus. Na huyu nampenda zaidi ya wote niliowataja, sitaficha. Alizaliwa mwaka 1914 katika jimbo la Minas Gerais, Brazili, mwanamke Mweusi aliyepata miaka miwili tu ya shule. Alihamia São Paulo akafanya kazi za ndani kwenye nyumba za wenye nacho, mpaka alipopata mimba na maisha yakampeleka kwenye mtaa wa mabanda wa Canindé, kando ya Mto Tietê. Alijijengea kibanda cha mbao kwa mikono yake. Alilea watoto watatu peke yake kwa kuokota karatasi na vyuma vya kuuza. Katika karatasi hizo alichagua madaftari yenye kurasa tupu, akaandika humo usiku. Shajara yake inaanza tarehe 15 Julai 1955, siku ya kuzaliwa ya binti yake, ambaye mama hakuwa na pesa za kumnunulia viatu. Akapata viatu kwenye taka, akaviosha, akavishona.

Mwandishi wa habari Audálio Dantas alifika mtaani hapo mwaka 1958, akamsikia akiwatishia wanaume waliokuwa wakichezea bembea za watoto kwamba atawaandika kwenye kitabu chake. Dantas akaomba kukiona kitabu hicho. Kikachapishwa kwa jina la Quarto de Despejo Agosti 1960, kikauzwa kwa kasi ambayo wachapishaji wa Brazili hawakuizoea, kikatafsiriwa kwa lugha nyingi. Siku Carolina alipokuwa akihama mtaa, majirani walimrushia mawe, kwa kuwa walijikuta wameandikwa.

Dantas alimfanyia Carolina hisani kubwa, hakuna wa kulikana hilo. Pia alikata. Alieleza kwamba yapo mengi yaliyojirudia, na njaa ndiyo iliyojirudia kuliko yote: kuamka, kutafuta maji, kutafuta karatasi, kuuza, kununua chakula kinachotosha siku moja, kulala, kuamka. Carolina mwenyewe alikuwa ameandika mashairi, riwaya na tamthilia, na aliomba zisomwe. Dunia ikamjibu kwamba inataka njaa yake tu, tena kwa kipimo kisichochosha. Kitabu chake cha pili, cha mwaka 1961, hakikupata wasomaji kama cha kwanza, na alipofariki mwaka 1977 alikuwa amerudi kwenye umaskini. Sehemu za shajara zake zisizopunguzwa zilitolewa miaka ya 1990, naye amerudi kusomwa Brazili kama mwandishi kamili.

Mweke Carolina kando ya Woolf uone. Mmoja aliandika akiwa na mpishi jikoni. Mwingine alikuwa ameshakuwa mtumishi jikoni kwa watu, kisha akaandika. Kama Nellie Boxall angeachiwa saa mbili za alasiri na daftari, tungekuwa tumeisoma nyumba ile ile kutoka upande wa pili wa mlango. Usomaji wa kifeministi unaomshangilia mmoja na kumsahau mwingine ni usomaji wa wenye nyumba.

Pwani yetu ina mfano wake, na hatuna sababu ya kuukwepa. Sayyida Salme, binti wa Sultani Said, aliyezaliwa Unguja mwaka 1844, alikua katika desturi ambapo wasichana walifundishwa kusoma Kurani lakini kuandika hapana. Alijifundisha kwa siri, akiiga herufi za msahafu kwenye mfupa wa bega la ngamia. Mwaka 1886, akiwa Ujerumani kwa jina la Emily Ruete, alichapisha kumbukumbu zake alizoanza kuziandika kwa ajili ya watoto wake. Kumbukumbu si shajara, lakini swali la kuuliza ni lile lile. Tunamsifu kwa ushujaa wa kalamu, na anastahili. Kitabu hicho hicho kimejaa watumwa wanaopika, wanaobeba, wanaolea, na mwandishi anautetea utumwa wa nyumbani kwao dhidi ya lawama za Wazungu. Nimesikia mara nyingi habari ya mfupa wa ngamia ikisimuliwa vyuoni. Sura ya watumwa husikika mara chache. Ndiyo maana nakithamini kitabu cha Sarah Mirza na Margaret Strobel cha mwaka 1989, kilichobeba maisha ya wanawake watatu wa Mombasa waliosimulia kwa vinywa vyao, mmoja wao akiwa wa ukoo wa waliokuwa watumwa. Hapo angalau sauti ya jikoni inajisemea.

Wala si mambo ya zamani. Muulize mwandishi yeyote wa kike mwenye watoto wadogo, Nairobi au Dar es Salaam, kitabu chake alikiandika saa ngapi, na saa hizo mtoto alikuwa na nani. Mara nyingi jibu ni dada wa kazi, msichana aliyeletwa kutoka kijijini, ambaye hajaandikwa hata kwenye ukurasa wa shukrani. Sisemi wanawake waache kuandika mpaka dunia inyooke. Waandike, na zaidi ya sasa. Ila siku shajara zao zitakapofunguliwa na wajukuu, naomba dada awemo kwa jina, na mshahara wake uwemo.

Kwa wahadhiri wa fasihi nina ombi moja: mkimpa mwanafunzi shajara ya Woolf, mpeni na ya Carolina muhula huo huo, na mtihani uulize nani alipika. Kwa wachapishaji: mkipokea daftari la mwanamke, msianze kwa kukata yanayojirudia. Na wewe ndugu msomaji, ikiwa mama au bibi yako ameacha madaftari, na yana bei ya nyanya, michango ya harusi, deni la duka na shairi moja katikati, usilichane shairi ukalihifadhi peke yake. Weka daftari zima.